Kikaangio Kilichorudishwa Kwao

Mkaguzi wa zimamoto alikuja saa tatu asubuhi, mara ya tatu ndani ya miezi miwili, na safari hii alikataa hata chai. Mpishi, mwenye mkahawa, alipoona kikombe kinarudi kimejaa, akajua leo hakuna mzaha. Mtu aliyekunywa chai yako huona haya kidogo kukufungia jiko.

Barua ilisema wazi: mkikosea mara ya tatu, jiko linafungwa siku kumi na nne. Hizo zingeitosha hospitali ya ng'ambo ya barabara kutafuta mtu mwingine wa kuwapikia wauguzi wake arobaini chakula cha mchana. Bila wauguzi, mkahawa ungebaki na wateja wawili: fundi viatu, anayeagiza chai moja na kukaa nayo mpaka inapoa, na nzi.

Na si kwamba Mpishi alikaa kitako. Mara ya kwanza mkaguzi alipanda ngazi, akapitisha kidole ndani ya chimni, ile kofia pana ya bati inayovuta moshi juu ya majiko, akakitoa cheusi kama amekichovya kwenye lami. Akaonyesha na mafuta yaliyoganda ukutani, nyuma ya kikaangio, lile jiko la gesi lenye beseni la mafuta ya kukaangia viazi. Mpishi akamwita dada yake mkubwa. Huyu alisafisha vyumba vya upasuaji miaka ishirini na sita mpaka akastaafu, na wauguzi mpaka leo wanamwita Brashi.

Brashi akaja na ndoo yake. Baada ya wiki moja ungeweza kujitazama kwenye chimni ukanyoa ndevu.

Mara ya pili mkaguzi akasifu, kisha akatoa futi yake ya utepe. Kikaangio kilikuwa kimesimama shubiri nzima pembeni ya nozeli yake.

"Kaka, mafuta yakiwaka, nozeli hii ndiyo inayomwaga dawa ya kuzima," alisema. "Inamwaga chini yake tu. Haitakitafuta kikaangio kilikokwenda. Kina magurudumu, sawa, kisogezwe kisafishwe, lakini kirudi pale pale. Weka alama."

Mpishi akaweka. Mstari mwekundu, rangi ya mafuta, akapaka mara mbili jioni akiwa peke yake, akaenda kulala kama mtu aliyemaliza mtihani.

Sasa mkaguzi alikuwa amepiga magoti tena na futi yake. Hakukuwa na mstari. Kulikuwa na vigae vyeupe vinavyong'aa, na kikaangio kile kile, shubiri ile ile, nje ya mahali pake.

"Dada," Mpishi alisema polepole. "Mstari uko wapi?"

"Mstari gani?"

"Mwekundu. Hapo chini."

"Ile rangi iliyomwagika?" Brashi akajifuta mikono. "Usinikumbushe. Siku mbili nasugua. Mpaka nikatia mafuta ya taa."

"Haikumwagika. Niliipaka mimi."

"Wewe? Unapaka rangi sakafuni halafu unanyamaza?"

"Nilikwambia usiguse kitu."

"Ulisema nisiguse swichi."

Mpishi alitamani sana kumgombeza mtu, lakini mtu mwenyewe ndiye aliyembeba mgongoni akiwa mtoto, na bado ana ushahidi wa mgongo unaomuuma.

"Mama," mkaguzi akamwuliza Brashi, "ukishasafisha nyuma, unakirudisha wapi?"

"Kwake. Mimi si mtu wa kutupatupa vitu." Brashi akainama, akaonyesha vigaeni duara nne za rangi iliyopauka, moja chini ya kila gurudumu. "Angalia mwenyewe. Yanaingia sawasawa."

Mpishi akaziangalia zile duara, akazitambua. Zilikuwa alama za miguu ya kikaangio cha zamani, kilichosimama pale miaka kumi na moja kabla ya chimni mpya kufungwa. Dada yake alikuwa anakirudisha kikaangio kipya kila asubuhi, kwa uaminifu mkubwa, kwenye nyumba ya marehemu.

Akakishika kikaangio, akakisukuma mpaka chini ya nozeli. "Basi, kimerudi. Shubiri moja tu. Tuandikie tumepita, tukaange, watu wapate kula."

"Umekisukuma kwa sababu nipo," mkaguzi alisema. "Kesho nani atakisukuma?"

"Mimi," Brashi akajibu, hata hakungoja.

"Mpaka wapi, mama?"

Brashi akatazama sakafu. "Si pale pale kwake?"

Mpishi akafunga macho.

Mkaguzi hakucheka. Akafunga koki ya gesi ya kikaangio, akaning'iniza kadi nyekundu. "Majiko mengine yamepita. Hiki kitafungiwa vyuma sakafuni, magurudumu yaingie humo, yasiweze kukaa pengine. Narudi saa tisa. Nikivikuta, nasaini. Nisipovikuta, barua inafanya kazi yake."

Mpishi akampigia fundi wa mageti. "Nipo njiani," fundi akasema, na nyuma yake jogoo akasikika, kisha yeye mwenyewe akamwuliza mtu soksi zake ziko wapi.

Wauguzi walikula viazi vya kuchemsha. Mmoja akauliza kama wamelazwa.

Fundi alifika saa nane, bila kunawa uso lakini na vyuma. Walitoboa, wakafunga nati, wakapuliza vumbi huku Brashi akilifukuza kwa kitambaa kabla halijatua. Saa tisa mkaguzi akakivuta kikaangio, akamwambia Brashi akirudishe. Magurudumu yakaingia kwenye vyuma, kak, chini ya nozeli kabisa. Mkaguzi akasaini, akaondoa kadi, akaikubali chai.

Mpishi aliketi juu ya gunia la viazi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Brashi alikuwa bado amechuchumaa, anapitisha kidole kuzunguka vile vyuma. "Mafuta yatajikusanya humu chini," alisema. "Hizi nati zinafunguliwa na spana namba ngapi?"

Mkaguzi akaganda na kikombe mdomoni. Mpishi akaiokota spana sakafuni, akaitia mfukoni, na mkono wake akauacha humo humo.