Mstari wa Buluu

Mimi na shemeji yangu tunaandika matangazo ukutani. Tulipoanza, vijana wenye vichwa vigumu, tulijiwekea kanuni: mkono mtupu. Hakuna rula, hakuna uzi, hakuna penseli. Anayepiga mstari kwanza si mchoraji, ni fundi wa kuezeka. Hakuna aliyetulazimisha. Tuliapa wenyewe, tukapeana mikono.

Kila ukuta tuligawana, yeye juu, mimi chini. Herufi zake zilisimama kama askari kwenye gwaride. Zangu zilikwenda vizuri mpaka katikati, kisha zikateremka kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Wateja walimsifu yeye. Nikasema basi, mwenzangu kajaliwa. Naye alikuwa akiniambia, "Shemeji, tatizo lako huna subira. Uache mkono ukuongoze." Nikauacha. Ukaniongoza pabaya.

Mwaka huu mkono umeanza kutetemeka. Nikaamua kuacha kazi, maana kama siwezi kuandika kwa mkono mtupu, siandiki. Nikafunga brashi zangu kwenye gazeti nimpelekee shemeji. Tulikuwa na ukuta wa duka la mikate. Yeye hutangulia alfajiri kuchanganya rangi na kuandika sehemu yake ya juu, mimi hufuata jua likishapanda. Siku hiyo sikungoja jua.

Nikawakuta wawili. Shemeji pembe hii ya ukuta, dada yangu pembe ile, kati yao uzi uliopakwa chaki ya buluu. Dada ameubana kwa kidole gumba, kwa mazoea. Shemeji akauvuta, akauachia. Pa! Mstari ukanyooka, si mchezo.

"Kaka! Mbona mapema?"

"Umeianza lini kazi hii?"

Akamtazama mumewe. Mumewe akatazama ndoo.

"Usimkasirikie," shemeji akasema. "Nilimwomba mimi. Tangu ukuta wa kwanza."

"Halafu unaufuta mstari kabla sijafika."

"Ungeniona si kitu, shemeji."

"Na mimi nilijiona nini, miaka yote hii?"

Dada akajaribu mzaha. "Ni vumbi la chaki tu, kaka. Hatujaua mtu."

Shemeji ni mtoto wa watu. Lakini huyu dada tumenyonya ziwa moja. Kila nilipokwenda kwao kula, kidole chake kilikuwa na buluu, akaniambia ni ya kufulia nguo nyeupe. Na kila mteja aliponicheka, ni yeye aliyenimiminia chai na kunifariji: "Usijali, kaka. Si wote wenye kipaji."

Nikafungua gazeti, nikatoa brashi. Nikauchukua uzi mkononi mwake.

"Nikushikie upande mmoja?" akauliza.

"Umeshashika vya kutosha."

Nikapigilia msumari pembeni, nikafunga uzi, nikauvuta mwenyewe sehemu yangu ya chini. Pa! Nikaandika: MIKATE YA MOTO KILA ASUBUHI. Mkono ulitetemeka, mstari haukutetemeka. Herufi ya mwisho ikasimama sawa na ya kwanza. Kumbe ndiyo siri yenyewe, kitu cha kununua dukani pamoja na misumari.

Shemeji naye alipomaliza maneno yake ya juu akaja na kitambaa kibichi, mwenye duka asije akaona chaki.

"Usiguse."

"Lakini shemeji, watu watajua."

"Futa wako."

Akafuta wake. Wangu upo hadi leo chini ya maneno, buluu, kila anayenunua mkate anauona. Kwao siendi tena kula.