Hodi kwa Kirukia

Mume wangu aliimwaga dawa dirishani, juu ya pilipili zangu, kisha akarudi kitandani akajifunika gubigubi kama mtu aliyekwisha kunywa. Nilimwona. Nilikuwa nje nimechutama nikiwasha kuni, na mvuke wa ile dawa ulinipita usoni kabla haujafika chini. Ukungu ulikuwa mzito asubuhi hiyo, wa kiasi kwamba jirani akikohoa hujui kama yuko kwake au yuko kwako. Huku kwetu, ubavuni mwa mlima Lawu, miezi ya namna hiyo watu huishi nusu usingizini, na mimi nilikuwa na majuma matatu sijalala vizuri.

"Baba Lastri," nikasema bila kuinuka, "pilipili zangu haziumwi."

Sauti ikatoka chini ya blanketi. "Zilikuwa na kiu."

Dawa yenyewe ilikuwa kirukia cha chai. Kirukia hakioti ardhini, huota juu ya tawi la mti mwingine na kunyonya humo humo. Kuna ndege mdogo mwenye kifua chekundu, hazidi kidole gumba, anayekula matunda yake. Mbegu ikimtoka huko nyuma hunata, naye hujifuta makalio kwenye tawi na kuondoka zake, na kirukia kimepata nyumba. Watu wa dawa husema huchukua tabia ya mti kilioupanda: cha mchungwa ni kingine, cha mkahawa kingine. Cha chai huchemshwa kwa ajili ya uvimbe tangu enzi za bibi zetu.

Mume wangu alikuwa na uvimbe shingoni. Hospitali ya mjini walimpa vidonge na tarehe ya kurudi, wakatuambia tusubiri. Vidonge alimeza. Kusubiri mimi sikujaliwa. Nilitaka aishi, basi, sina namna nyingine ya kulisema. Binti yetu Lastri yuko Surabaya kiwandani, nyumba ina sisi wawili na kuku, na sikutaka kuamka humo peke yangu.

Sasa shida ilikuwa hii. Mume wangu, Sukarjo, alikuwa mnyapara wa virukia katika shamba la chai kwa miaka thelathini. Kazi yake ilikuwa kuviua. Alipanda kila asubuhi na mundu kiunoni hadi kwenye miti ya mbegu, ile chai isiyopogolewa inayoachwa irefuke kupita kichwa cha mtu, akakata kila kirukia alichokiona, shubiri moja chini ya pale mizizi ilipoingia, maana ukikata juu kinarudi. Vilivyokatwa vilitiwa magunia na kuchomwa kabla ya kengele ya jioni. Watu walikuja kumwomba japo kiganja, akawakatalia wote. Kampuni haikutaka kuona jani la kirukia likitoka getini, na mume wangu alikuwa mtu wa kampuni mpaka kwenye kucha.

"Mtu umemkata shingo miaka thelathini," aliniambia siku nilipoleta kikombe cha kwanza, "leo umwendee umwambie nini?"

"Si mtu. Ni majani."

"Kama ni majani tu, yatanisaidia nini?"

Ukibishana naye utazeeka. Nikadhani ni aibu, kiburi cha mzee aliyestaafu, nikaamua nitamshinda kwa kumchosha. Lakini baada ya pilipili kunyweshwa mara tatu nikaenda kwa Dada Jumirah.

Dada Jumirah huuza dawa za kunywa. Chupa zake huzibeba mgongoni kwenye kikapu, amefunga kwa kitambaa cha batiki, na asubuhi akipita utasikia chupa kabla hujamwona mwenyewe. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini.

"Umempa mnyapara dawa ya kuiba?" akasema. "Nani aliichuma?"

"Mimi."

"Ukapiga hodi?"

"Nilipiga."

"Wewe siyo mgonjwa, mdogo wangu. Anayekunywa ndiye anayepiga hodi. Anasimama mbele ya kirukia, anataja jina lake, anasema anataka nini na kwa nini. Na kama ana neno na hicho kirukia analitoa kwanza, halafu ndiyo anaomba. Mimi nilifundishwa hivyo na bibi yangu, wengine wana ya kwao." Akajifuta machozi ya kicheko. "Yule wako ana maneno mengi nacho. Mpeleke mapema, atamaliza adhuhuri."

Mchana huo nikasinzia jikoni nimeegemea ukuta. Niliota mume wangu amesimama uani, mabegani mwake kumeota virukia vyenye maua mekundu marefu, na majani yenye rangi ya kutu upande wa chini. Yeye hana habari, anawalisha kuku. Mimi nikawa navitazama nikiona ni vizuri kuliko kitu chochote uani kwangu, na nikajua kwamba nikivikata naye ataanguka. Nilipoamka moto ulikuwa umezimika na nilikuwa nalia, na sikujua nalilia lipi.

Sikumwambia habari za hodi. Nilimwambia, "Kesho twende ukaione miti yako ya mbegu. Wanasema vijana wa siku hizi wameiharibu."

Hilo lilimtoa kitandani kabla ya jogoo. Akavaa shati la kazi, akafunga mundu kiunoni, tukapanda pole pole yeye amenishika bega. Ukungu ulikuwa umelala juu ya chai, tukawa tunatembea tukiona viuno vyetu tu, miguu hatuioni. Kila baada ya mistari michache tulisimama apumue. Wachumaji walipita mbali kidogo na vikapu vyao, wakazungumza kama watu walio chumba cha pili, kisha wakanyamaza au wakaisha. Nilihisi tungeweza kupanda hivyo hadi kesho kutwa bila kufika popote, na nisingeudhika.

Lakini tulifika. Miti ya mbegu ikajitokeza mmoja mmoja, myeusi kwa umande, na virukia vilikuwa kila mahali. Mume wangu akatukana chini kwa chini.

"Tazama uchafu huu, Mama Lastri. Tazama lile tawi. Miaka miwili tu nimeondoka."

Mkono wenyewe ukauendea mundu. Nikaukamata.

"Leo hukati," nikasema. "Leo unaomba." Nikamweleza maneno ya Dada Jumirah, yote, na hodi na kutaja jina na kutoa neno kwanza. Nilitegemea anicheke. Alitazama kirukia kilichokuwa mbele yake, usawa wa macho, kimeushika mti wa chai, na hapo kiliposhika pamechomoza nundu kama goti. Kisha akavua kofia.

"Hodi," akasema. "Mimi ni Sukarjo. Unanijua."

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Mwaka wa kwanza wa kazi," akaendelea, akiongea na majani, "mama mkwe wangu alikuwa na uvimbe tumboni. Mbok Ponirah. Alimtuma binti yake kwangu, aniombe kiganja kimoja cha majani yako. Kimoja tu. Siku hiyo nilikuwa nimekata magunia mawili. Nilikuwa na miezi minne kazini, na mnyapara aliyenitangulia alifukuzwa kwa kuwauzia watu wa dawa. Nikaogopa. Na nikajisemea, ni upuuzi wa vizee, majani ni majani. Nikachoma yote mawili. Nikarudi nyumbani nikasema hakuna, miti ni misafi mwezi huu."

Bega langu lilikuwa bado chini ya mkono wake. Nililitoa.

Nilikumbuka siku ile vizuri kuliko alivyoisimulia. Alirudi shati likinuka moshi na nikalifua usiku uleule kwa sababu lilikuwa moja. Kesho yake nilikwenda kwa mama nikamwambia hakuna. Mama akasema si neno, mwezi ujao huenda kikaota. Akawa anakunywa chai ya kawaida kwenye chungu alichokuwa amekiweka tayari kwa dawa, kila asubuhi, akiniuliza kama miti bado ni misafi. Nikawa namjibu ndiyo, mama, Sukarjo anasema ndiyo. Alikufa hata huo mwezi haujaisha. Je, kingemponya? Sijui, wala hakuna ajuaye. Lakini angekunywa. Angekunywa kitu alichokiomba kutoka mkononi mwa mwanawe, na mimi nilimnyima kwa mdomo wangu mwenyewe nikidhani nasema kweli.

Nikaondoka. Nilishuka mistari kadhaa nikamwacha ameshika mti. Ukungu ukafunga nyuma yangu, nikakaa kwenye matope, nikawa namchukia. Nasema namchukia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, kwa mwili wote, kama mtu anavyoona njaa. Nilifikiria kuteremka peke yangu. Angerudije? Asirudi. Mtu mmoja akapita karibu yangu akichuma, mwanamke mfupi mwenye kilemba cha samawati, vidole vikikimbia juu ya chai bila haraka, na kwa kitambo ambacho siwezi kukipima nilijua ni mama. Sikuita. Alichuma mstari wake hadi mwisho, hakunigeukia, akaingia kwenye ukungu. Huenda alikuwa mchumaji tu. Niliamka, au niliinuka, na nguo zangu zilikuwa zimelowa.

Nilipopanda tena nilimkuta palepale. Hakuwa amechuma hata jani. Midomo ilikuwa imemgeuka rangi kwa baridi.

"Nimeshasema," akaniambia. "Miaka yote hii nilikuwa natafuta pa kulisemea. Sasa twende nyumbani, Painem." Tangu Lastri azaliwe hakuwa ameniita jina langu. "Sistahili kukinywa. Ulipoleta kile kikombe niliona mkono wa mama yako. Acha uvimbe uende zake na mimi."

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata pa kushika.

"Ahaa," nikasema. "Kumbe ndiyo mpango. Unataka ufe ili mlingane."

Akaikung'uta kofia umande.

"Hamtalingana. Yeye aliomba akanyimwa. Wewe unapewa unamwagia pilipili. Unafikiri ukifa bila dawa mama yangu atapata nini? Mimi nitapata nini? Nitabaki na makaburi mawili na kichwa kinauma."

"Basi unataka nifanye nini?"

"Hodi umepiga. Neno umetoa. Sasa omba."

Alinitazama kama mtoto aliyeambiwa aingie majini. Kisha akakigeukia kirukia, na sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba nililazimika kusogea.

"Naomba," akasema. "Nina uvimbe. Naogopa."

Nilichomoa mundu kiunoni mwake. Sikukata chini ya nundu kama alivyokuwa akikata yeye, nilikata juu, ili kirudi. Yeye akaona, na kazi ya miaka thelathini ikampanda usoni, lakini akaumeza ulimi wake. Nikafunga matawi kwenye kanga yangu ya begani, tukateremka. Nilimpa bega tena kwa sababu bila bega asingefika. Jua lilikuwa limeanza kuupasua ukungu, na mabonde yakawa yanafunguka chini yetu moja moja, ya kijani kibichi.

Nyumbani nilichemsha kwenye chungu cha udongo mpaka maji yakabaki nusu na kuwa mekundu kahawia. Alikaa kwenye kigoda mlangoni akinitazama nikifanya kazi. Hakuenda kulala. Nilimletea kikombe nikasimama mbele yake, katikati yake na dirisha.

"Umenisamehe?" akauliza.

"Sijakusamehe. Kunywa."

Alikunywa funda la kwanza, uso ukamkunjika wote. Ni kichungu, kirukia cha chai, uchungu unaokaa nyuma ya ulimi hadi jioni. Akashusha kikombe magotini. Nikaona nywele zake zilivyopungua utosini, nikaona na ule uvimbe, na nikampenda na nikamchukia bila kuweza kuvitenganisha.

"Mama Lastri," akasema, "sukari guru ipo?"

Ilikuwapo, duara zima, kwenye kopo nyuma yangu, na alikuwa analiona.

"Ipo," nikamwambia. "Leo hupewi."

Akatikisa kichwa kukubali, akakiinua kikombe, akanywa mpaka chini.