Hodi Kutoka Gegoni

Tabibu wa meno alifunga mlango wa darasa la pili, akavipanga viti viwili vitazamane, akawasha taa yake ndogo ya buluu. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Gego likiwa zima, unalisafisha, unalikausha, unapaka dawa kwenye vijibonde vyake, kisha unaimulika mpaka igande. Uchafu haupati pa kukaa, jino halitoboki. Ila gego likiwa limeshaoza ndani, sharti ulitibu kwanza.

"Ziba yote," alisema mganga mkuu aliyemleta. "Dawa inakaribia kuharibika, na wafadhili wanakuja kutembelea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, au sivyo?"

"Mengine yameoza, mzee."

"Basi yazibe upesi."

Akaziba. Miongoni mwa watoto alikuwamo binti wa mdogo wake wa kiume, mtoto wa maneno mengi ambaye nyumbani walimwita Redio. Gego lake la chini lilikuwa na shimo la kupitisha kichwa cha njiti ya kiberiti. Shangazi mtu aliliona, akalifunika kama mengine.

Wiki iliyofuata magego yalianza kubisha hodi. Sauti ilikuwa ya adabu, kama ya mgeni asiyetaka kusumbua, na ilitoka hata watoto wakiwa wamefumba midomo. Mwalimu wa hesabu alilalamika kwamba inampotezea hesabu, akaambiwa apaze sauti. Wazazi waliwashauri watoto watafunie upande wa pili.

Redio alimfuata shangazi yake nyumbani, kiganja shavuni.

"Shangazi, amekazana. Tangu asubuhi ni hodi, hodi. Mfungulie basi."

"Vumilia, mama. Wageni wakishaondoka nitamfungulia."

"Na akichoka kungoja?"

Shangazi alimpa kidonge cha maumivu, akamkanda shavu kwa kitambaa cha moto. Angeweza kulifungua palepale. Vifaa vilikuwa mkobani, chini ya meza. Lakini mganga mkuu alikwisha sema wageni hao, wafadhili, watachungulia vinywa, na yeye alikuwa bado hajathibitishwa kazini.

Wageni walichelewa. Shavu la Redio likavimba, uvimbe ukateremka shingoni, homa ikapanda. Hospitalini walimpokea akiwa hawezi tena kumeza. Alifariki mchana, dirisha likiwa wazi, baba yake amemshika miguu.

Walipomlaza nyumbani, gego liliendelea. "Hodi," lilisema chini ya shuka. Wanawake waliokaa naye waliitikia "Karibu," maana mtu haachwi mlangoni, na mmoja wao akasogea kwenye benchi kumwachia nafasi.

Baba wa mtoto hakulia. Alimgeukia tabibu.

"Dada, ulikuwa unalisikia?"

"Nilikuwa nalisikia."

"Tangu lini?"

Nje gari la mganga mkuu lilikuwa limefika; amekuja kutoa pole. Kiti cha nyuma kilijaa maboksi ya dawa. Wageni hatimaye wamefika, wamefurahi mno, alisema, akimshika tabibu mkono kwa mikono yake miwili. Wameongeza dawa nyingine, ya shule ya jirani.

Jumatatu tabibu alikuwa huko, amevaa glavu safi, akimwambia mtoto wa kwanza kwenye foleni apanue mdomo, kazi ndogo tu, haiumi.