Jeki ya Laban

Kabla ya kuanza kazi, Nabiswa aligonga jeki kwa spana mara mbili. Mumewe Laban ndiye aliyeanzisha mtindo huo. Alisema chuma kisipoamshwa hununa. Chuma gani hununa, jamani? Lakini huu mwaka wa pili tangu wamzike, na hajathubutu kuanza asubuhi hata moja bila kugonga. Akishagonga, husikia kikohozi cha Laban nyuma ya magunia.

Laban aliiunda mashine hiyo kwa jeki ya lori na vyuma chakavu, alipofutwa kiwandani. Unachanganya vumbi la makaa na uji wa muhogo, unashindilia kwenye bomba, yanatoka makaa ya mviringo. Makaa ya gunia yalipopanda bei yasishikike, majirani wengi wa mtaa wa Mukuru kwa Njenga walipikia ya Laban. Watoto watatu wa Nabiswa walikula na kusoma kwa jeki hiyo.

"Laban Wekulo ni nani hapa?"

Askari wa kaunti alisimama mlangoni na karatasi mkononi, pikapu nyuma yake.

Nabiswa akaiweka spana chini. Kibali cha biashara kilikuwa bado kwa jina la marehemu. Kubadilisha jina, waliwahi kumwambia ofisini, ni kuanza upya: barua ya chifu, ukaguzi, ada mara nne. Basi akaiweka hai laini ya simu ya Laban, akalipia kibali kwayo kila mwaka. Mashine za serikali hazikuuliza kama mlipaji anapumua.

"Ametoka kidogo, afande."

"Wacha nimpigie."

Simu ikalia ndani ya aproni ya Nabiswa. Shamso, jirani aliyekuja kununua makaa, akainamisha uso. Nabiswa akaitoa, akaiweka sikioni, macho kwa askari aliyekuwa hatua mbili mbele yake.

"Laban ako job," akasema. "Niambie mimi."

Askari alikata simu. "Mathe, usinichezee. Mwenye kibali hayuko, mashine tunabeba. Aje yadi ya kaunti mwenyewe na kitambulisho. Siku saba zikiisha, inauzwa."

"Afande, huyo mtu alikufa! Mimi ndio nafanya hii kazi."

"Basi hii kibali ni ya maiti. Hiyo ni kesi ingine."

"Na wakati maiti alikuwa analipa, mbona hamkukataa?" Shamso akauliza.

Wanaume wawili walishuka kwenye pikapu, wakaibeba jeki, na Nabiswa akalia kwa sauti, maana ni kupitia mlango huo huo Laban alikuwa ametolewa.

Alasiri alikaa na beseni la vumbi na mkebe wa maziwa uliokatwa pande zote mbili. Simu ya Laban ikatetemeka. "Ndugu LABAN WEKULO, kibali chako kinaisha baada ya siku tisa. Lipa mapema uepuke usumbufu."

Akaandika: "Laban alikufa. Jeki iko kwenu."

Jibu lilikuja papo hapo. "Samahani, ujumbe wako haujaeleweka. Tafadhali weka nambari ya kibali."

Akaiweka simu kando, akashindilia vumbi mkebeni kwa kiganja mpaka kikamuuma. Kabla ya kulisukuma kaa nje, aliugonga mkebe mara mbili, akatega sikio upande wa magunia.

Laban hakukohoa.