Kizibao cha Mkia

Wanaosema wivu ni ugonjwa wa wanawake hawajawahi kukaa kwenye benchi, mkono umefungwa kifuani kwa bendeji, wakimtazama mtu mwingine akishika mahali pao. Mimi nimekaa. Mwaka wa hamsini na saba, kuanzia Mei hadi Agosti, nilikuwa na wivu wa kugawia kambi nzima ya wafanyakazi na ukabaki.

Kazi yangu ilikuwa kukata mkonge katika shamba moja nje ya Thika, lakini sifa yangu haikutoka kwenye mkonge. Ilitoka kwenye kamba. Kila Jumamosi ya kwanza ya Agosti shamba letu lilivutana kamba na shamba moja la kahawa huko Ruiru, wanaume wanane kwa wanane, na mimi Dalmas ndiye niliyekuwa mtu wa mwisho upande wetu. Mtu huyo tulimwita Mkia. Usicheke. Wale saba wa mbele huvuta, lakini anayezuia ni Mkia. Kamba humpitia chini ya kwapa moja, hupanda mgongoni, halafu hushuka kwenye bega la pili, naye hulala nyuma kwa uzito wake wote. Akiinuka yeye, wote wamekwisha. Nilikuwa Mkia kwa miaka sita, na miaka yote sita sikuinuka.

Halafu bega langu la kulia likaanza kunisaliti. Mara ya kwanza lilichomoka mazoezini, wenzangu wakalirudisha kwa nguvu huku mmoja amenikalia miguu. Mara ya pili lilichomoka nikitwika mzigo wa majani ya mkonge. Mara ya tatu, naona haya kusema, nilikuwa navaa shati. Nikapelekwa Nairobi. Daktari, Mhindi mmoja mpole, akalifungua bega, akakaza kilicholegea, akalishona, kisha akanifunga mkono kifuani kwa wiki sita.

"Usiguse kamba mwaka mzima," aliniambia. "Baada ya hapo tutaona."

Hiyo "tutaona" niliibeba hadi Thika kama jiwe ndani ya kiatu.

Bendeji zilipotolewa, mkono ulikuwa umekonda hata mke wangu Nakhumicha akageuza uso. Daktari alikuwa amenipa kazi mbili. Ya kwanza, niiname na kuuacha mkono uning'inie, niubembeze polepole. Ya pili, nisimame mbele ya ukuta na kuupandisha mkono kwa vidole, kidole baada ya kidole, hadi maumivu yaseme basi. Nakhumicha alichora alama kwa mkaa pale vidole vilipoishia kila siku. Wiki ya kwanza nilifika kifuani. Mwisho wa Julai nilifika usawa wa macho. Mwanaume aliyezuia watu wanane wa Ruiru kwa mgongo wake alikuwa anashangiliwa na mkewe kwa kupanda ukuta kama mjusi, tena mjusi mgonjwa.

Mahali pangu alipewa Munyao, kijana kutoka upande wa Machakos, mwenye shingo nene na maneno machache. Alikuwa hajamaliza hata mwaka mmoja pale shambani. Nilienda kumtazama mazoezini ili nimcheke, nikarudi nyumbani bila hata chembe ya kicheko. Kijana alikuwa mzuri. Alilala nyuma bila papara, visigino vikachimba, uso ukatulia kama wa mtu anayesikiliza mahubiri. Kitu kimoja tu alikifanya tofauti na mimi: alikuwa mashoto. Panga la mkonge alilishika kwa kushoto, na kamba vilevile aliishusha kwenye bega la kushoto. Nililiona hilo kwa macho yangu mawili.

"Huyu kijana ni mti!" alinipigia kelele Zacharia, karani wa mizani aliyekuwa nahodha wetu. "Dalmas, sasa unaweza kupumzika bila wasiwasi."

Nikamjibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akadhani natania. Mimi nilikuwa naomba, kabisa kabisa, yule kijana ateleze aanguke kifudifudi.

Sasa kuna habari ya kizibao. Mkia alikuwa na vazi lake, kizibao cha gunia kisichokuwa na mikono, na kwenye bega la kamba kulishonwa mto wa nyuzi za katani ili kamba isimchune ngozi. Changu alikishona Nakhumicha mwaka wa kwanza nilipochaguliwa. Kambi yetu ilikuwa na miiko yake juu ya mambo haya. Mwanamke hakukaribia kamba hadi siku ya shindano lenyewe. Na kizibao kikishatengenezwa hakikuvaliwa kabla ya uwanja, kwa maana tuliamini kikivaliwa mapema kinachoka. Kilivaliwa palepale uwanjani, baada ya maombi.

Jumapili moja baada ya kanisa, wiki moja kabla ya Ruiru, Zacharia alikuja kwangu na Munyao.

"Mama Nekoye, tunaomba ile kizibao umtengenezee huyu kijana," alimwambia mke wangu. "Ya Dalmas ni kubwa kwake."

Hakuniuliza mimi. Nilikuwa nimekaa pale mlangoni, mkubwa kama gogo, na hakuniuliza.

Nakhumicha akachukua uzi wa katani, akampima Munyao kifua, akampima mabega, akifunga fundo kila alipofika. Vidole vyake vilipita kwenye shingo ile nene. Munyao akamwambia jambo kwa sauti ya chini, naye akacheka, wakanitupia jicho wote wawili. Nilihisi damu inanipanda hadi masikioni.

"Mlikuwa mnacheka nini?" nilimuuliza walipoondoka.

"Anasema nisikate kitambaa, nikunje tu na kushona juu juu. Ati wewe utarudi, na hataki ukute nguo imeharibika."

"Na hilo linachekesha?"

"Nimecheka kwa sababu amesema ukikuta imekatwa utampiga na huo mkono mmoja."

Mtu mwenye akili timamu angefurahi. Mimi nilisikia dharau tupu. Niliona ananihurumia, na afadhali mtu anitukane kuliko anihurumie.

Nakhumicha alianza kukunja gunia. Nekoye, binti yetu, alikuwa amelala miguuni pake. Alipoufikia ule mto wa katani, akasimamisha sindano.

"Baba Nekoye, huyu kamba yake inashukia bega gani?"

Nilijua. Sikuhitaji hata kufikiri.

"La kulia," nikasema.

"Una hakika? Mbona nilimwona akishika kikombe kwa kushoto?"

"Kikombe ni kikombe. Kamba ni kulia. Mimi ndiye Mkia au ni wewe?"

Akaniamini. Akauacha mto palepale ulipokuwa, akaukaza kwa mishono mipya. Nilimtazama akishona nikajiambia kwamba sikufanya ubaya wowote, kwamba mto umekaa pale miaka sita na mimi sikuugusa. Ndivyo wivu unavyokufundisha sheria, ukawa wakili wako mwenyewe.

Siku ya shindano tulipanda lori la shamba, wachezaji mbele, wake zetu nyuma na masufuria ya chakula. Nchi ilikuwa bado katika hali ya hatari, na kwenye kizuizi cha barabarani askari walimshusha Zacharia na Wakikuyu wenzake wakakagua pasi zao za kusafiria, wakatuchelewesha, halafu tukaendelea hadi Ruiru. Uwanja wao ulikuwa kati ya mibuni na kiwanda cha kuoshea kahawa. Mkia wao, Kang'ethe, jitu la mwili, alinijia na kunipa mkono wa kushoto kwa heshima ya bega langu.

"Wewe usipovuta, hata kushinda hakuna utamu," aliniambia. "Huyu mpya ni mtu wa aina gani?"

"Utamwona," nikasema.

Baada ya maombi Munyao akavaa kizibao. Nilimwona akipapasa bega la kulia, akaukuta mto. Akapapasa la kushoto, akakuta gunia tupu. Kisha akainua kichwa na kunitafuta kati ya watu. Macho yetu yakakutana. Nikageuka kutazama mibuni kana kwamba nimetumwa kununua kahawa.

Tulivuta mara tatu, wa kushinda mara mbili ndiye mshindi. Ya kwanza tulishindwa. Mimi nikaketi vizuri zaidi. Ya pili Munyao alilala nyuma na hakuinuka tena, na taratibu Ruiru wakaja kama ng'ombe asiyetaka josho. Ya tatu sijui ilichukua muda gani. Kamba ilisimama mahali pamoja, watu kumi na sita wakitetemeka, na nilianza kuona doa kwenye gunia, bega la kushoto, likipanuka hadi kifuani. Kamba ilikuwa imekula gunia na sasa inakula nyama. Mke wangu alikuwa ng'ambo ya uwanja na wanawake wengine wakiimba, hakuweza kuona. Mimi niliona. Ningeweza kupiga kelele. Nilikaa kimya, na nitasema ukweli wote: hata ile damu niliionea wivu. Ilipaswa kuwa yangu.

Kang'ethe akateleza. Tukashinda.

Walimbeba Munyao mzimamzima, Zacharia akilia kama mtoto. Walipomshusha aliwakwepa, akaja moja kwa moja nilipokuwa, na Nakhumicha naye akafika wakati huohuo na sufuria yake. Akaliona bega. Akautazama mto wa katani, safi kabisa, umekaa upande wa pili bila kazi. Akanigeukia. Miaka tisa ya ndoa sijawahi kutazamwa vile.

Kabla hajafungua mdomo, Munyao akasema haraka, "Shemeji, hii ni makosa yangu. Mzee aliniambia nivute na kulia, ndiyo nguvu zaidi. Nikafika hapa nikasahau, nikarudia kushoto yangu ya zamani."

Sikuwa nimemwambia neno. Tangu apewe mahali pangu sikuwa nimemwambia hata habari ya asubuhi.

Uso wa Nakhumicha ukalegea. Aliweka sufuria chini, akanishika bega langu bovu taratibu, kama anavyolishika kila siku tukiwa ukutani.

"Nisamehe, baba Nekoye," alisema. "Nimekufikiria vibaya. Nimefikiri kitu kibaya sana."

Munyao alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu nikubali, mambo yaishe, twende kula. Alikuwa amenishinda kwenye kamba mbele ya mashamba mawili, na sasa alikuwa ananishinda hata kwa uongo. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza, kazi ambayo nilikuwa nimeifanya wiki nzima bila shida. Lakini ule mkono wa mke wangu ulikuwa begani, mwepesi, wenye huruma, ukiniomba msamaha mimi. Sikuweza kuubeba.

"Hukufikiri vibaya," nikamwambia. "Nilijua ni mashoto. Uliponiuliza nilijua."

Aliuondoa mkono. Hakunitukana, na Nakhumicha anajua kutukana. Alimwambia Munyao avue kizibao na kuketi. Kilikuwa kimegandana na ngozi. Akakilowesha kwa maji ya kunywa tuliyokuwa tumekuja nayo, akakibandua kidogo kidogo, huku kijana amebana meno.

"Ungenyamaza tu, mzee," Munyao aliniambia. "Mimi nilishasamehe."

"Najua," nikasema. "Ndiyo maana."

Walipokuwa wakichinja mbuzi wa ushindi mimi nilikaa palepale. Mke wangu alirarua ukingo wa leso yake, akauchovya majini, akaanza kumwosha bega, polepole, akipulizia pale palipochubuka zaidi. Hakunitazama tena. Wivu ulinipanda kama kawaida yake, nikauacha uendelee kupanda.