Kona Mbili za Shamba la Mayunga

Mwalimu Minani alikuwa ametangaza: atakayepata chini ya nusu kwenye jaribio la Ijumaa hataandikishwa mtihani wa mwisho. Mwaka huo wa 1999, katika kambi ya wakimbizi Warundi huko Ngara, mtihani huo haukuwa na marudio. Speciosa alikuwa amekwama kwenye jambo moja tu.

"Hasi moja haina kipeuo cha pili," alisema darasani. "Hasi mara hasi ni chanya. Umetufundisha mwenyewe."

"Ipo namba ya kufikirika. Tumeipa jina, i."

"Kuipa jina si kuizaa, mwalimu."

Darasa lilicheka. Minani hakucheka.

Alhamisi asubuhi Speciosa alikwenda kufanya kibarua kwa mzee Mayunga, Msukuma aliyehamia jirani na kambi, kwa ujira wa ndoo ya viazi. Kazi ilikuwa kuongoza maksai wawili huku Mayunga akishika plau. Kwao Burundi walilima kwa jembe la mkono. Mtu akifika mwisho wa shamba hugeuka, basi.

Walianza wakielekea mashariki. Mwisho wa shamba Mayunga akaita, "Kushoto!" Speciosa akapinda kushoto, akatembea hatua chache pembezoni, kisha, akidhani anawanyoosha, akapinda kulia. Maksai wakaingia shamba la jirani, bado wakitazama mashariki.

"We binti! Mihogo ya watu hiyo!"

"Si umesema kushoto, baba?"

"Kushoto, halafu kushoto tena! Ng'ombe hageuzwi kama chapati. Ukitaka arudi, mpinde mara mbili upande uleule."

Speciosa alisimama. Mashariki, moja. Magharibi, hasi moja. Kona moja ya kushoto, i. Kona mbili, i mara i, hasi moja. Hiyo i haikuwa mbele wala nyuma. Ilitazama kaskazini, nje ya mstari wa namba ambao Minani alizoea kuuchora ubaoni. Hata kosa lake lilikuwa na hesabu yake: kushoto kisha kulia ni moja ileile, ndani ya mihogo.

"Umelala?"

"Hapana, baba. Na nikipinda kushoto mara nne?"

"Utatazama kulekule ulikokuwa unatazama, na mimi sitakupa viazi. Twende!"

Ijumaa swali la tatu lilitaka i kwa kipeo cha saba. Speciosa alihesabu kona saba kwa kidole juu ya dawati, akajikuta anatazama kusini, akaandika: hasi i.

Jioni hiyohiyo alirudishiwa karatasi: kumi na tatu kwa ishirini. Minani aliliandika jina lake kwenye orodha ya watahiniwa, akauliza, "Kwa hiyo sasa unakubali kwamba ipo?"

"Niliipita jana, mwalimu. Iko pembeni mwa shamba."