Sukari ya Mama Shiko

Mwenye njaa ana miiko, tena mingi. Waliosema hana hawakuwahi kusimama nyuma ya meza ya ghala la chakula la kanisa katika mtaa wa Free Area, ambapo Chepchumba, mtaalamu wa lishe, alipekua mifuko kila Jumamosi: huyu ana presha, mwondolee chumvi, yule figo zimechoka, mpunguzie maharagwe.

Jumamosi moja alitoa kilo mbili za sukari katika mfuko wa Njoki, akamtilia ndengu. Binti wa Njoki, Shiko, ana miaka tisa na hudungwa insulini kila siku. Chepchumba alirudi nyumbani moyo mweupe.

Jumamosi iliyofuata Njoki alikuja bila mfuko mkononi wala salamu mdomoni.

"Daktari, nani alikwambia hiyo sukari tunakula?"

"Mama Shiko, mtoto mwenye ugonjwa wa sukari..."

"Hajawahi kuionja! Ilikuwa ya jirani, Mama Kibii. Yeye ana friji. Mimi nampelekea sukari, yeye ananiwekea dawa ya mtoto. Nikampelekea ndengu zako, akacheka. Akasema friji yake si hospitali, nitoe chupa zangu aweke maziwa ya kuuza."

Chepchumba alizijua nyumba za mabati za mtaa ule. Saa nane mchana ni tanuri, na insulini haivumilii joto.

"Dawa iko wapi?"

"Ilipikika kwa dirisha. Nikamdunga hivyo hivyo, ningefanya nini? Tangu jana yuko wodini. Hanitambui."

Mzee Kinyanjui, mwenyekiti wa ghala, akasogea akikohoa.

"Kumbe chakula cha wafadhili umekigeuza biashara? Sheria unaijua, mama: hakibadilishwi. Omba msamaha hapa mbele ya watu, ama jina litoke kwa orodha."

"Mzee, kosa ni langu," Chepchumba alisema. "Mimi ndiye sikuuliza."

"Wewe shughulika na lishe. Hii ni nidhamu."

Chepchumba akamshika Njoki mkono, akamnong'oneza, "Sema tu pole. Neno moja. Shiko akitoka hospitali atakula nini?"

Njoki aliuchomoa mkono wake.

"Kama atatoka," alisema. Kisha akamgeukia Kinyanjui, macho makavu. "Futa jina, mzee. Msamaha siombi."